Assia Aliyeketi Mlangoni pa Chumba cha Kuogea

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye gereji aweke spana chini kidogo. Leo tuna mtu wa kumkumbuka.

Tunamkumbuka Assia Twahiru. Assia, binti wa Buyenzi, hapa hapa Bujumbura. Assia, mtafiti. Alituacha mwezi uliopita, bado kijana, kwa ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, ule unaoitwa selimundu. Ukimpanda mtu, mifupa yote huuma kama inapondwa kwenye kinu. Assia aliujua tangu utotoni. Aliijua hospitali kuliko shule.

Mama yake, Bi Mwantum, muuza vitenge, alitusimulia jambo moja. Siku moja mhudumu wa kiume alikuwa anamfuta Assia mwili kwa kitambaa, mlango wazi, watu wanapita. “Mutoto hakulia,” alisema Bi Mwantum. “Aliniangalia tu, akasema, mama, funga mulango. Mi ndiyo nililia.”

Wasikilizaji wapendwa, wengine wakikua husahau. Assia hakusahau. Alisomea mambo ya jamii, kisha akaingia kwenye kikundi kidogo cha watafiti. Kazi yao ilikuwa kuuliza swali ambalo watu huliona la aibu: mtu mwenye ulemavu, nani anamwosha? Nani anamlisha, nani anambeba? Na yeye mwenyewe anasemaje? Assia aliuliza Ruziba, akauliza mjini, akauliza Buterere, kwenye kituo kimoja ambacho jina lake tutaliacha.

Hapo kituoni ndipo alipompata rafiki. Odette, mama wa Kikongo, miguu yake haifanyi kazi tangu alipoanguka kutoka kwenye lori. Miguu imelala, lakini ulimi uko macho. Odette ndiye aliyemwambia, akimwita yaya, yaani dada: “Yaya Assia, unatuuliza sisi tu. Uliza na bale banaume. Banatuosha huku banacheka na telefone. Banacheka nini?”

Assia akaenda kutafuta wanacheka nini.

Akiwauliza wahudumu wa kiume, akalikuta kundi la WhatsApp. Kundi la wanaume, wengi mno, wa Bujumbura na wa ng'ambo ya mpaka. Walijiita Wanaume wa Kweli. Kiongozi wao alijiita Kamanda. Assia hakuingia kwa kujificha. Alituma sauti yake, na kaka yake Anouar bado anayo. Tuliisikiliza. Inasema hivi: “Mi naitwa Assia. Nafanya utafiti. Nitasikiliza, na jina la mutu sitalitoa. Lakini nikisikia kuna mutu atafanyiwa ubaya, sitanyamaza. Kama hamutaki, munitoe sasa.”

Kamanda akajibu, “Karibu, dada. Utajifunza.”

Na kweli alijifunza. Alisikia matusi kwa wanawake, mengi. Alisikia mwanaume akifundishwa kwamba kumwogesha mgonjwa ni kuvua uanaume wake. Lakini alisikia pia aliyefukuzwa kazi, na aliyeachwa na mke akalia kwenye simu. Alimwambia Anouar: “Kaka, wengine wanaongea kama watu wenye njaa.” Anouar akauliza, “Na wengine?” Assia akasema, “Wengine wanatafuta wa kumutafuna.”

Basi, wasikilizaji wapendwa, ikafika asubuhi moja ya mvua. Mwanachama mmoja aliyejiita Docteur akatuma video fupi. Akaongeza kwa sauti kwamba anafanya kazi mahali wanawake wanapooshwa kama sahani, na kwamba siku hiyo hiyo ataleta nyingine, ndefu, zenye sura. Hii ya kwanza haikuwa na sura. Ilikuwa na mgongo tu, na kovu refu begani. Assia alilijua lile kovu. Lilikuwa la Odette.

Vicheko vikaanza kumiminika. Wapo walionyamaza. Hakuna aliyesema, acha.

Assia akampigia mkuu wa utafiti. Mkuu akasema, “Usifanye kitu. Uliwaahidi siri. Ukiivunja, kazi yote inakufa.” Assia akamjibu, “Niliwaahidi na hili pia.” Akafungua lile kundi, akarekodi: “Niliwaambia siku ya kwanza kwamba sitanyamaza. Leo ndiyo siku hiyo.” Kisha akapanda pikipiki ya Anouar, wakaelekea Buterere, barabara yote matope.

Alimwendea Odette kwanza. Kabla ya mkubwa yeyote, Odette. Walifunga mlango, wakaongea wenyewe. Ndipo akaenda kwa mkurugenzi, Madame Geneviève.

Geneviève alisikiliza. “Assia, unajua maneno haya yatafunga kituo? Iko wapi hiyo video? Nionyeshe.”

“Apana, Madame. Siwezi kukuonyesha mwili wa mutu bila yeye kuruhusu.”

“Basi huna ushahidi. Nitamuitaje mufanyakazi wangu muhalifu kwa maneno matupu?”

Assia alitoka ofisini. Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka mlangoni pa chumba cha kuogea, akaketi. Akasema, “Leo mwanaume haingii hapa.”

Simu yake ikaanza kutetemeka. Picha yake ilikuwa imesambazwa. Kisha picha ya nyumba yao. Kisha maneno ambayo redioni hatuwezi kuyarudia. Mwisho likaja hili: tunajua mama yako anauzia wapi vitenge. Anouar akasimama, mafuta ya gereji bado kwenye kucha. “Tuondoke, Assia. Tumufuate mama.”

“Enda we. Mukimbize kwa mjomba Ruziba.”

“Na wewe?”

“Mi nikitoka hapa, huyo Docteur anaingia.”

Anouar anasema hajawahi kupata safari ndefu kama ile. Alikwenda. Assia akabaki peke yake kwenye kile kiti. Baridi ya mvua ilikuwa imeshaanza kumwingia mifupani, na yeye alijua maana yake.

Fabrice akatokea ukumbini. Mhudumu, kijana mpole, wote walimpenda. Beseni mkononi, taulo begani, simu imesimama mfukoni mwa shati, jicho la kamera likichungulia nje. Ndiye aliyekuwa Docteur.

“Dada, umeziba njia.”

“Nimeziba.”

“Niko na kazi, watu wananingoja.”

“Weka simu kwenye dirisha kwanza.”

Fabrice akatabasamu. Kisha tabasamu likaisha. Akaweka beseni chini, akainama mpaka sikioni mwa Assia. “We uliahidi siri,” akasema polepole. “Unajua tutakufanya nini?”

Assia alikishika kiti chake kwa mikono yote miwili. Jibu lilitoka nyuma, kwenye kiti cha magurudumu.

“Fabrice!” Ilikuwa sauti ya Odette. “Ule mugongo ni wa nani?”

Fabrice akanyooka. Geneviève naye akatoka ofisini. Odette akamgeukia: “Directrice, unatafuta ushahidi? Mi nakuja mwenyewe. Ni mwili yangu. Uniulize mimi!”

Fabrice akatazama mlango wa kutokea. Wanawake walikuwa wameshajaa pale, mmoja na magongo, mwingine ameshika ukuta, viti vya magurudumu vimebanana. Walimtazama tu. Geneviève akanyoosha mkono. “Leta simu.”

Akaitoa. Ndani yake kulikuwa na video nyingine, za wanawake wengine. Fabrice akachukuliwa na polisi. Assia akachukuliwa hospitali, maana alipojaribu kusimama, miguu ilikataa.

Wasikilizaji wapendwa, tusidanganyane kwamba hapo mambo yalitulia. Nyumba ya Bi Mwantum ilipigwa mawe. Familia iliishi Ruziba muda mrefu, kila pikipiki ikisimama nje wanatazamana. Lile kundi lilibadilisha jina, na hadi leo lipo. Lakini kabla halijamtoa Assia, Odette alimwomba simu, akarekodi: “Mi ni Odette. Ule mugongo mulicheka ni wangu. Nanyi mutazeeka. Nani atabaosha ninyi?”

Wakamtoa Assia papo hapo. Alidhani utafiti umekufa, kama alivyoambiwa.

Ndipo simu zikaanza kuingia, moja moja. Wanaume wa lile lile kundi. Wa kwanza alikuwa fundi wa Gatumba. Alisema baba yake alipooza upande mmoja, na yeye ndiye anayemwosha. Hufunga madirisha kwanza, marafiki wasijue. “Kwa kundi nacheka nao,” alisema. “Nikiweka simu chini, nachemsha maji ya mzee. Dada, utaandika na sisi?”

Assia aliandika na wao. Majina hakuyatoa. Katika ripoti yake, sehemu hiyo ya wanaume wanaohudumia kwa kujificha ndiyo iliyosomwa zaidi kuliko zote. Na kule kituoni, komeo la mlango sasa liko ndani, na kila mtu huulizwa anataka aoshwe na nani. Madame Geneviève alituambia, “Nilimuogopa Assia siku ile kuliko Fabrice. Naona haya kulisema, lakini ni kweli.”

Ugonjwa ulimrudia Assia mwaka huu, ukamshinda. Alizikwa Ijumaa, baada ya swala.

Bi Mwantum, mama yetu, pole. Anouar, pole sana, kaka. Odette, na ninyi wote wa kituoni, poleni. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mola amlaze Assia pema.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Wewe uliyepokea video ya mtu asiyejua kwamba anatazamwa, ukacheka, ukampelekea mwenzako: yule ana jina, na huenda mnapishana sokoni. Na wewe mwanaume unayemwogesha baba yako madirisha yamefungwa, ukirudi kwenye simu unacheka na wenzako. Unatusikia, tunajua. Ipo siku mmoja wenu itabidi awe wa kwanza kuandika mle ndani neno moja tu: acheni.