Sifuri ya Kuazima

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliotoka kiwandani na sare zenu, mimi ni binti wa marehemu, mtoto wake wa pili, nimeombwa na baba pamoja na wajomba nisome habari za maisha ya mama yetu, nami nitazisoma zote, hata zile ambazo jana jioni tuliombwa kwa upole tuziruke.

Mama alizaliwa tarehe 9 Februari 1978, mtoto wa nne wa fundi saa na mshona mapazia, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya babu, na bibi, aliyeketi hapa mbele, anasimulia kwamba hata kabla hajajua kusoma alikuwa akishika kitasa cha mlango, akikizungusha, akikirudisha, kisha akiuliza, "Mama, mlango unajuaje kwamba umefika?"

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 2000 akiwa wa kwanza katika umeme wa magari, akafunga ndoa na baba tarehe 18 Agosti 2001, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu, mimi na kitinda mimba, na baba husema posa yake ilikubaliwa siku alipokoma kubishana na mama, na tangu siku hiyo hajashinda hoja hata moja.

Mwaka 2018 aliajiriwa na kampuni ya magari yanayojiendesha, kitengo cha vihisi vya usukani, yaani vile vifaa vya duara, vidogo kama kifuniko cha chupa, vinavyoiambia kompyuta ya gari usukani umegeuka kiasi gani, na kazi yake ilikuwa kunyoosha magurudumu, kuyapima, kisha kukifundisha kila kihisi kwamba hapa ndipo sifuri, hapa ndipo mbele, maana kihisi hakizaliwi kikijua mbele ni wapi, huambiwa, na kikishaambiwa huamini moja kwa moja, ndiyo maana wenzake walimbatiza Mama Sifuri, naye akalipenda jina hilo kuliko cheo chake.

Mwezi Mei mwaka huu, magari yalipokuwa mengi na muda mchache, uongozi uliamua sifuri ya gari moja inakiliwe kwenye yote mengine, mama akakataa, kwa kuwa hakuna kihisi kinachokaa kwenye mhimili wake sawasawa na mwenzake, akamwambia meneja mbele ya watu, "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri maungo," watu wakacheka, meneja naye akacheka, na sifuri ikanakiliwa mama akiwa likizo.

Tarehe 3 Juni alirudi kazini, akasimama nyuma ya mstari wa njano, mahali pa usalama, gari likaamriwa kwenda mbele, nalo likapinda taratibu, bila honi, bila kusita, kama mtu aliyeitwa, macho yake yote yakitazama kule lilikodhani linakwenda.

Lilimgonga, akalazwa na nyonga iliyovunjika, na kila asubuhi alimwomba muuguzi, "Dada, nigeuzie kitanda kidogo tu, kushoto," mpaka kitanda kikawa kimekaa mshazari chumbani, na alfajiri ya tarehe 21 Juni akasema, "Hapo, hapo ndipo," akakata roho, na asubuhi ileile walinzi wa kiwanda waliyakuta magari yote uani, yakiwa yamezimwa, yamegeuza magurudumu, kila moja kwa pembe yake, fundi wa breki akavuta uzi kutoka kila gari kufuata magurudumu yake, na nyuzi zote zikakutana pale alipoangukia mama.

Mimi ni mtu wa hoja, mazingaombwe siyawezi, nasema kilichoonekana, na nasema pia kwamba jana kampuni ilituletea sentensi moja tuisome hapa, kuwa marehemu alivuka mstari kwa bahati mbaya, sentensi hiyo siisomi, kwa sababu fundi wa breki alikuwa ubavuni pake na atasema popote kwamba mama hakuvuka, na wewe meneja, uliyeketi safu ya pili, tunachokudai ni kimoja, magari yale yasiguse barabara mpaka yafundishwe upya, moja moja.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyegeuza kitanda bila kuuliza sababu, majirani mliotupikia na kukesha nasi msibani, na wafanyakazi wenzake mliokuja ingawa mlikatazwa.

Kampuni ilitupa gari lisilo na dereva libebe jeneza, nalo lilipoegeshwa getini lilikuwa limenyooka, na naona wa nyuma mmeshaanza kutazamana, ndiyo, magurudumu yamegeuka huku, kwenye jeneza, hakuna aliyeligusa, liacheni, wajomba ingieni mbele na mabega yenu.

Pumzika kwa amani, Mama Sifuri, tunakubeba kwa miguu yetu, mbele tunapajua.