Bi Kaltumi na Feni Iliyozimwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha sauti cha kliniki yetu ya moyo hapa Kansanga, Bi Kaltumi Abdul-Karim anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Kamati ya kumuaga ilimtaka mwandishi asiwe na upendeleo. Haitawezekana: mama huyu ndiye sababu ya mwandishi kuwa hai.

Alianza na mashine iliyochora mlio wa moyo kwa mstari mmoja wenye meno. Kwamba kuna mlio, ilionekana. Kama ni mnene au mwembamba, hakuna aliyejua. Ilipokuja kompyuta, akajifunza kuukata mlio vipande vipande na kuugeuza picha: wakati unakwenda kutoka kushoto hadi kulia, milio minene iko chini, myembamba juu, na mlio ukizidi nguvu rangi hukolea. Yeye na Daktari Oyat, daktari wetu wa moyo, walibishana miaka minne juu ya urefu wa vipande. Vikiwa vifupi, unajua mlio ulitokea lini ila hujui vizuri unene wake. Vikiwa virefu, kinyume chake. Bi Kaltumi akasema mtaka yote hukosa yote, akachagua vya kati. Daktari anasema hilo lilikuwa wazo lake.

Si kwamba hakukosea. Wiki moja alipata wagonjwa kumi na mmoja wenye ugonjwa uleule: utepe chini ya picha, haukatiki. Banange, hata moyo mgonjwa hupumzika! Ilikuwa feni. Tangu hapo ikawa sheria: kabla ya kurekodi feni inazimwa, dirisha linafungwa, simu zinabaki nje. Mkurugenzi mwenyewe ametokwa jasho humo, tena kwa adabu.

Mwaka 2017 alihitaji moyo mzima wa kuwafundishia wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mwandishi, karani wa masjala, akajitolea kwa majivuno. Kati ya pigo la kwanza na la pili likatokea wingu kwenye picha, mahali panapotakiwa kuwa patupu. Mwandishi akasema ni feni. Bi Kaltumi akamwonyesha feni, imetulia. Kwa wiki tatu mwandishi alishikilia kwamba basi ni feni ya jirani, kwa sababu aliogopa, tena sana; ana watoto wanne. Kila asubuhi ya kazi alikuta picha ileile imefunika kikombe chake cha chai. Chai ya kumi na tano ilimshinda, akaenda kwa daktari. Valvu ilikuwa imebana kiasi cha kumwua ghafla. Ikabadilishwa.

Jumatatu hii Bi Kaltumi alimrekodi mwandishi kwa mara ya mwisho. Pigo, nafasi tupu, pigo. Mwandishi alilia kidogo, akaambiwa anyamaze kwa sababu mashine bado inarekodi.

Webale nnyo, asante sana, mama, kwa masikio yako na kwa ukaidi wako. Mungu akupe umri mrefu na wajukuu wenye kelele. Huko Bombo unakokwenda kupumzika, washa feni utakavyo. Sisi huku tutaendelea kuizima.

Tarcisio Ogutu, Masjala