Ruhusa Aliyonyimwa Mama Yake Drusilla Gesare

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii nina hasira na sitaificha. Jumamosi tulimzika Mwalimu Drusilla Gesare. Alikuwa na miaka ishirini na tano tu.

Gesare alikulia kambi ya wachuma chai, hapa Kericho. Mama yake, Mellen, alitoka Kisii kutafuta kazi. Mwaka wa 1965 alikuwa anampima Gesare, wakati huo mwenye miaka kumi, sare ya shule, na pindo likakataa kukaa sawa.

"Nikamwambia ainame," Mellen anakumbuka. "Mgongo ulikuwa umeinuka upande mmoja."

Wakaenda zahanati ya kambi. Wakapewa dawa ya maumivu. Mtoto hakuwa na maumivu, wasikilizaji. Alikuwa na mgongo uliopinda, akapewa dawa ya maumivu.

Mwaka uliofuata, daktari wa hospitali ya misheni akawaeleza vizuri. Mgongo ukipinda kidogo, unaangaliwa tu. Ukizidi na mtoto bado anakua, anafungwa plasta ngumu ya kunyoosha mgongo kiwiliwili chote, au anavishwa mkanda wa chuma na ngozi. Ukipinda sana, ni kupasuliwa na kuwekewa chuma ndani.

"Huyu tumewahi, plasta itamsaidia," daktari akasema. "Lakini mama akae naye wodini."

Mellen akaenda kwa nyapara kuomba ruhusa. Nyapara akamjibu, "Mama Gesare, majani ni mengi sasa. Ukienda, nyumba nampa mwingine."

Mellen alikuwa na watoto wengine wadogo, na wote walilala katika nyumba hiyo. Akabaki akichuma.

Plasta haikufungwa. Mgongo ukaendelea kupinda, ukabana kifua. Waliporudi kwa daktari, Gesare alikuwa msichana mkubwa. Wakaambiwa mapafu yake hayangestahimili upasuaji.

Gesare akawa mwalimu wa shule ya msingi, Kedowa. Kila muhula aliwainamisha wanafunzi, akitazama migongo yao. Ndivyo alivyomgundua mwanafunzi wake Chepkemboi, mgongo wake ukianza kupinda. Baba ya mtoto, Mzee Kipkemoi, alipuuza. "Mwalimu, huyu atanyooka tu akikua."

Gesare akavua sweta, akamgeuzia mgongo wake uliopinda. "Hata wangu ulianza hivyo, mzee."

Kesho yake Kipkemoi akampeleka mtoto misheni. Akafungwa plasta mapema. Jumamosi Chepkemboi alibeba maua ya mwalimu wake, akitembea wima.

Gesare aliugua nimonia Julai, baridi ilipozidi. Kifua kilichobanwa kikashindwa.

Pale kaburini, yule nyapara, sasa amestaafu, alisimama kutoa pole. Akasema Mungu ndiye amemchukua. Mellen hakupaza sauti. "Keti, mzee. Mungu hakuninyima ruhusa. Ulininyima wewe."

Hakuna aliyemnyamazisha. Hata mimi nisingemnyamazisha.

Mama Mellen, na jamaa yote ya marehemu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayesikiliza, uliye na watu chini yako kazini, fikiri kabla hujalala. Kesho mama akisimama mbele yako na mtoto mgonjwa, mwache aende.