Jambo la Tatu Ambalo Sikuliandika

Shikamooni wakubwa wangu, na nyie wenzangu habari za wiki. Naona wengine mnacheka. Mnajiuliza, "Huyu dada tunakutana naye kwenye kikundi hapa Ihumwa kila Jumamosi, maneno hayamwishi, leo karatasi ya nini?" Chekeni tu, nikimaliza mtajua.

Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta, kwenye ofisi ndogo kule mtaa wa Area D. Tulikuwa watano, mimi ndiye kiongozi. Na majivuno nilikuwa nayo, sifichi. Mteja akieleza anachotaka, mimi nasikiliza mikono mitupu. Wenzangu wakitoa daftari nawatania, "Nyie, vichwa vyenu vinavuja?"

Tukapata kazi ya kituo kimoja cha afya upande wa Chemba, kliniki ya watoto wenye kifafa. Muuguzi anaingiza umri na uzito wa mtoto, mfumo unachapa karatasi yenye kipimo cha dawa, mzazi anaondoka nayo. Muuguzi mkuu, mama mtu mzima, alinieleza mambo matatu tukiwa barazani. La kwanza, maandishi yawe makubwa. La pili, kuwe na mchoro wa kikombe unaoonyesha dawa ifike wapi, maana wazazi wengine hawasomi. La tatu akanishika mkono kabisa. "Mwanangu, uzito usipoingizwa, mfumo ukatae. Usitoe kipimo chochote."

Akavuta daftari lake aniandikie. Nikamwambia, "Mama usijisumbue, nimeshashika." Baadaye nilijitetea kwamba ilikuwa heshima, eti mtu mzima akishasema, unaanzaje kumdai maandishi? Heshima gani! Kilikuwa kiburi tu.

Njiani simu haikutulia. Kufika ofisini namkuta mwenzangu, yule aliyekuwa anaujenga huo mfumo, yuko mlangoni anaenda kula. Nikampa maelekezo palepale tumesimama. Ndugu zangu, nilimpa mawili.

Mfumo ukaanza kazi. Asubuhi moja yule mama akanipigia, hakusalimia. Si kawaida yake.

"Kuna mtoto wa miaka minne hajaamka tangu jana mchana. Niko naye hospitali huku mjini. Wanasema bibi yake kamzidishia dawa. Mizani yetu mbovu, jana hakupimwa, na mimi sikuwa zamu. Uzito usipoingizwa mfumo si unakataa?"

"Unakataa, Mama." Nilijibu upesi, bila kuangalia.

"Haya. Maana leo tena ni kliniki, vijana wanaendelea kule kituoni."

Nikamgeukia mwenzangu nikamuuliza swali lile lile.

"Kukataa? Nani alisema ukatae?" Akafungua kompyuta yake. "Pakiachwa patupu ulikuwa unakwama. Nikajazia kilo sitini ili uendelee."

Kilo sitini, jamani. Mtoto wa miaka minne!

Sasa nisikilizeni, aibu yangu iko hapa. Nilikaa kimya. Nikaanza kupiga hesabu kichwani: hakuna karatasi popote. Mama hawezi kuthibitisha kwamba aliniambia. Mwenzangu hawezi kuthibitisha kwamba sikumwambia. Na bibi wa watu ameshabeba lawama. Nani angenishika? Nilikaa hivyo dakika ishirini, saa ya ukutani naiona, na kule kituoni watoto wanaitwa mmoja mmoja.

Mwenzangu hakunitazama. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada, na hawa wa leo je?"

Nikapiga simu. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, vilevile. Ya tatu akapokea. "Mama, simamisha dawa kituoni. Nimekudanganya. Uliniambia, nikasahau." Akakata. Baada ya muda akanipigia: "Wawili wameshaondoka na dawa. Wanafuatwa na pikipiki."

Sijawahi kusubiri namna ile. Mwenzangu ndiye aliyenishikia simu. Mzazi wa kwanza walimkuta njiani. Wa pili walimkuta nyumbani, ameshamimina dawa kwenye kikombe, mtoto amekaa mapajani.

Nikachukua bajaji hadi hospitali, nikamweleza daktari yote. Bibi wa yule mtoto alikuwa amekaa sakafuni. Kiswahili chake ni cha kuunga na Kisandawe, lakini alichosema nilikielewa vizuri. "Mimi nilisema. Siku zote dawa mstari wa kwanza, sasa mchoro unafika juu. Nikauliza. Wakasema mashine inajua."

Nikapiga magoti. Hakuniinua. Akasema, "Ngoja aamke kwanza."

Nikabaki chini pale. Magharibi mtoto akafumbua macho akaomba uji, nami nikalia mbele za watu kama mtoto. Ndipo bibi akasema, "Sasa inuka."

Ofisini niliondolewa uongozi, na ilikuwa haki yangu. Miezi kadhaa sikukabidhiwa mteja. Aliyenirudisha ni yule yule mama muuguzi. Alituita mimi na mwenzangu barazani tuanze upya, bibi naye akaitwa. Mama akaniwekea daftari lake mapajani. "Andika." Nikaandika. "Sasa tusomee." Nikasoma, bibi akiuliza kila mstari.

Namshukuru mama yule, angeweza kunitupa. Namshukuru mwenzangu kwa swali lake moja. Nawashukuru na nyie, mlionipokea hapa wakati sitaki hata kutazamwa. Ninachowaachia ni hiki: mkiagizana jambo la maana, liandikeni. Lakini msiishie hapo, maana hata kile kipimo kilikuwa kimeandikwa, kwa maandishi makubwa, na bibi asiyesoma ndiye aliyekuwa sahihi. Mkishaandika, msomeeni yule atakayemnywesha mtoto dawa.

Karatasi hii ni ya siku ile ya barazani. Jambo la tatu bibi alitaka nilisome mara mbili, kisha akaniongezea la kwake. Nawasomea: "Uzito usipoingizwa, mfumo ukatae. Na bibi akiuliza, ajibiwe kwanza, ndipo dawa itoke."