Konsolata Sulle na Linki Iliyoachwa Wazi

Kosa la wengi ni kudhani kwamba anayeuliza sana ndiye asiyeelewa. Sisi wa Asasi ya Vijana Bonde na Nyanda tulilifanya kosa hilo kwa karibu miaka mitatu, na kidogo tu lingemponza binti wa watu.

Tuliyemkosea ni Mama Konsolata Sulle, mtunza kumbukumbu wetu, anayestaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Alizaliwa Tlawi katika familia ya wakulima, akaja Haydom mwaka 1999 kupiga taipu barua za asasi iliyokuwa na chumba kimoja na viti vinne. Mwaka uliofuata alikabidhiwa kabati la majalada, na hapo ndipo desturi yake ilipoanza: anayetoa jalada huacha kadi mahali pake, yenye jina, tarehe na sababu. Hakuna aliyesamehewa. Nilipokuwa mwenyekiti niliwahi kuondoka na jalada kwenda Getanuwas bila kuandika chochote. Niliporudi nilikuta kadi imejazwa kwa niaba yangu. Jina: Mzee Basili. Sababu: Hakusema.

Mwaka 2021 kumbukumbu zetu zilihamia kwenye wingu. Nieleze kidogo kwa wasiolizoea neno hili. Wingu si kitu cha angani. Ni kompyuta za watu wengine, zilizo katika majengo ya mbali, ambamo tunapewa nafasi ya kuweka vitu vyetu, kama mtu anavyopewa chumba katika nyumba ya jirani. Zipo kampuni zinazowapa mashirika madogo nafasi hiyo bure. Faida yake sitaificha. Zamani fomu za vijana wa Getanuwas zilikuja kwa basi ndani ya bahasha, nyingine zimelowa, nyingine zimepitiliza kituo. Sasa fomu inaonekana Haydom kabla aliyeijaza hajarudisha simu mfukoni.

Sote tulifurahi isipokuwa Konsolata. Alitaka kujua majengo hayo yako nchi gani, nani ana ufunguo, na nani anafagia humo ndani. Kelvin, afisa wetu wa kompyuta, ni kijana mwenye adabu, lakini siku hiyo utani ulimshinda.

“Mama, dunia imehamia mtandaoni, wewe bado unalinda kabati.”

“Kabati namjua fundi wake,” Konsolata akamjibu. “Hilo wingu lako fundi wake nani?”

Tulicheka. Hatukuona kwamba huyo tuliyemcheka alijifunza mfumo mzima kwa wiki mbili, kwa vidole viwili, na kwamba aliuliza zaidi baada ya kujifunza kuliko kabla. Jambo moja lilimkereketa: huku mtandaoni hakuna aliyeacha kadi.

Machi mwaka jana, akiwa amefungua daftari la hifadhi kwenye kompyuta, aliona juu ya ukurasa vialama viwili vyenye picha za wanyama, mmoja kiboko. Daftari hilo ndilo lenye majina ya mabinti waliokimbia kuozwa kwa nguvu, na nyumba za familia zinazowahifadhi. Akamuuliza Kelvin kiboko huyo ni wa nani. Kelvin akasema ni pambo tu la programu.

“Fisi akiingia zizini, mwanangu, huwa si pambo.”

Kwa kweli alama hizo ni za mtu aliyefungua faili bila kujitambulisha. Programu haimjui, basi inampa sura ya mnyama. Konsolata hakubishana. Alinakili kwenye karatasi linki ya daftari, yaani anwani yake ya mtandaoni, herufi na tarakimu zaidi ya arobaini, akaenda kwa Helena, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, mahali ambapo wagonjwa waendao hospitali wakishuka kwenye basi hujaziwa fomu zao. Alimwomba Helena asimame mlangoni kidogo. Akaketi kwenye kompyuta ambayo haikuwa na uhusiano wowote nasi, akaandika linki ile herufi kwa herufi.

Daftari likafunguka. Halikuuliza nywila wala jina.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na binti mmoja kutoka Hanang, na maneno haya: amehifadhiwa Tlawi, nyumba ya bati jekundu ukishapita josho, mlango wa nyuma haufungi vizuri.

Ilikuwaje? Hakuna aliyetuibia. Tulijivunjia mlango wenyewe kwa heshima zetu. Wazee wa kamati tulikuwa tunaomba ruhusa ya kuliona daftari, na kila ombi lilimfikia Kelvin kwenye simu. Kijana wa kwetu anayekuamkia shikamoo hawezi kukuacha usubiri, sembuse kukuuliza unaitakia nini. Kwa kuona aibu, akabadilisha mpangilio ili yeyote mwenye linki aingie bila kuomba. Na mzee mmoja, alipoipata linki hiyo, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la wazee wa vijiji ili wenzake nao wasisumbuke. Grupu lilikuwa na watu sitini na wawili. Mmoja wao alikuwa baba mdogo wa yule binti. Mzee aliyeituma ni mimi.

Konsolata alirudi ofisini saa sita mchana. Hakumgombeza mtu. Alimwambia Kelvin afunge linki mbele ya macho yake, kisha akapiga simu Tlawi, na kabla ya saa kumi gari letu lilikuwa limemtoa binti kumpeleka kwingine. Baadhi yetu tuliona ameharakisha mno, na nilimwambia hivyo. Akasema yeye yuko tayari kuchekwa tena.

Baada ya siku mbili wanaume watatu walifika Tlawi. Hawakuuliza njia. Walipita josho, wakaenda moja kwa moja kwenye bati jekundu, na mmoja wao akazunguka nyuma ya nyumba bila kuambiwa kuna mlango. Walimkuta mama mwenye nyumba akichambua maharage, peke yake.

Binti yule yuko salama na anasoma. Nilikuwa nimeandika hapa anasoma wapi, na jina lake la kwanza. Konsolata aliomba rasimu ya wasifu huu, akavifuta vyote viwili kwa kalamu nyekundu.

Tangu hapo kila faili lina orodha ya watu kwa majina, na kila Ijumaa orodha inasomwa kwa sauti. Asiyejulikana sababu yake anatolewa, hata kama ana mvi. Kelvin amefundishwa kukataa kwa adabu: “Shikamoo, Mzee. Ruhusa hiyo inataka sababu.” Nimeambiwa hivyo mara tatu. Mara mbili sikuwa na sababu.

Jumatatu tarehe 30, saa kumi jioni, Konsolata ameagiza jina lake mwenyewe liondolewe kwenye mafaili yote, kwa kuwa mstaafu hana kazi nayo. Amesema atasimama nyuma ya Kelvin mpaka aone limetoka, na baadaye atapita kwa Helena kuhakikisha.

Mama Konsolata, tunakushukuru kwa maswali yako yote, hasa yale tuliyoyacheka. Shamba la Tlawi likuzalie, wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi, na uishi miaka mingi yenye amani.

Nawe unayesoma, fanya hivi leo: fungua faili moja la ofisi yako, tazama orodha ya wanaoweza kulisoma, na jina ambalo huwezi kulieleza, liondoe.