Viti Vinavyopanda Mapema

Jina rasmi la shauri hili, kama alivyolitamka Karani, mstaafu wa mahakama, ni "Malalamiko Kuhusu Kupandishwa kwa Viti Juu ya Meza Mlalamikaji Akiwa Angali na Kijiko Mdomoni." Mlalamikaji ni Karani mwenyewe. Mlalamikiwa ni mhudumu wa mkahawa unaotazamana na benchi letu. Tunamwita Shemeji, maana kaoa binti wa mtaa huu, na aliyeoa mmoja kaoa kwetu sote. Zamani ukimaliza kula alikuuliza habari za nyumbani. Siku hizi deki inapita chini ya nyayo zako kabla hujafika katikati ya sahani, na ukiinua uso umezungukwa na miguu ya viti kama mtu aliyeketi ndani ya nungunungu. Mama Mkubwa, mwenye mkahawa, aliposikia hayo alisema atapita leo mwenyewe, saa anayoijua yeye. Akikuta viti juu kabla ya wakati, Shemeji akatafute kazi kwingine. Ndiyo maana leo kahawa ilituwia chungu kuliko kawaida.

— Umemchongea mtoto wa watu, alisema Kinyozi.

— Nililalamikia viti, alijibu Karani. Sikumlalamikia mtu.

— Viti vina mikono?

Karani akapuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imeshapoa. Hapo akaingia Breki, dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu maneno yake hayana.

— Jamani, kosa si la Shemeji. Ni mkewe. Ana mimba, anataka mume arudi mapema.

— Huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja, alisema Kinyozi. Hana mimba.

— Kakuficha. Mficha uchi hazai.

— Kama hazai, mimba imetoka wapi?

— Ndiyo hivyo sasa! Tunaanza kuelewana.

Kinyozi akamsogeza Breki kwa kiwiko.

— Mimi nashika vichwa vya watu, niulizeni mimi. Zamani mtu alikuja kunyoa mwezi kwa mwezi. Sasa wiki mbili tu, kichaka. Nywele hazina uongo. Dunia imeongeza mwendo, siku zimekuwa fupi, na Shemeji peke yake ndiye anayekwenda nayo sambamba.

— Na upara wangu? aliuliza Karani.

— Wewe dunia ilikuacha kituoni.

— Inateremka hiyo! alidakia Breki. Mzigo mzito, mteremko mkali, gia hakuna. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana inawahi kufika.

Nilijaribu kuuliza inafika wapi, lakini Karani alikuwa ameshainua kidole. Tangu asubuhi alikuwa tayari kumtia hatiani yeyote, hata sayari nzima, ilimradi asiwe Shemeji.

— Tuangalie asili ya kitu. Kiti ni mbao. Mbao ni mti. Mti tangu kuumbwa kwake huenda juu. Shemeji havipandishi viti. Anavizuia visiguse dari.

— Mheshimiwa, alisema Kinyozi, hayo ukamwambie Mama Mkubwa.

Tulicheka, kisha tukaacha, maana kweli ingebidi aambiwe.

Ndipo akatokea mlangoni pa mkahawa muuguzi aliyehamia juzi nyuma ya kibanda cha Kinyozi. Alivuka barabara akiwa bado na sare ya kazi.

— Shikamooni. Nimeingia kula, viti vyote viko juu, na jua hili hapa. Huyu kaka anajuaje kama muda wa kufunga umefika?

Breki alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Shemeji mwenyewe alikuwa amemfuata mgeni nje, fagio mkononi, na akajibu kama mtu aliyeulizwa jina lake.

— Simu Mama Mkubwa hataki kuziona kazini, na saa ya ukutani ilishakufa. Namwangalia mzee Karani. Yeye ndiye mteja wangu wa mwisho. Akisimama kuja kula, najua siku imekwisha, naanza viti. Siku hizi nawahi kidogo, asinikute na kazi nyingi. Leo kajikuna goti tu, nikavipandisha vyote.

Muuguzi akamgeukia Karani.

— Na wewe mzee wangu, huwa unasimama ukiona nini?

Karani alikiweka kikombe chini.

— Kiti, alisema. Nikimwona kagusa kiti nasimama, nisimcheleweshe kwenda kwake.

Hapo teksi ya Mama Mkubwa ilikuwa inakata kona.

Tulivuka mbio, wazee na muuguzi, kila mmoja akashusha viti alivyoweza. Shemeji akagawa sahani kama karata. Mama Mkubwa alisimama mlangoni, akahesabu vichwa, akauliza mwenye malalamiko yuko wapi. Karani alisimama, mdomo umejaa.

— Mlalamikaji ameitwa mara tatu, hakuitika. Shauri limefutwa.

Mama Mkubwa akavuta kiti, akaagiza chai.

Shemeji alibaki kazini, na sisi tulikula chakula cha jioni saa tisa alasiri.