Mwalimu Isaïe Mpoyi na Neno "Nisamehe"

Ndugu na jamaa, tunayemsindikiza leo ni Mwalimu Isaïe Mpoyi, mtu aliyependa kuuliza maswali hadi wagonjwa wenzake hospitalini walikuwa wakijifanya wamelala.

Alizaliwa Luputa, Kasai, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa Papa Kabuya na Mama Bilonda. Alisoma shule ya msingi huko huko, akapata diploma ya ualimu Likasi mwaka 1969, na akafundisha pale miaka ishirini na minne. Mwaka 1978 alimuoa Mama Tshibola. Wanaomjua mama wanajua nani alikuwa mwalimu wa nani.

Mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, walipanda treni kurudi Kasai. Mama alishikwa na uchungu njiani, wakashuka hapa Kamina, na Agar, kitinda mimba wao, akazaliwa tarehe 2 Juni. Treni ikaenda zake, wao wakabaki. Marehemu alifundisha hapa hadi alipostaafu mwaka 2015.

Tusifiche jambo. Mwaka 2014 Agar alipochumbiwa na Likoke, askari wa base, kambi ya jeshi, marehemu alirudisha mbuzi wa mahari. Hakutaka askari. Agar akaolewa bila baraka, na baba yake hakukanyaga kwake miaka kumi. Iliuma nyumba nzima.

Baada ya kustaafu alishika kitabu cha hadithi za zamani alichofundishia, hadithi sitini na mbili, akaanza kufuata neno moja tu: "nisamehe". Nani anamwambia nani? Kila alipolikuta alipiga mstari kwa penseli. Mchungaji alikuja kumwombea, akajikuta anasomeshwa habari za chui! Alilipata mara arobaini na saba. Sungura anamwambia simba, mke anamwambia mume, mtoto anamwambia baba. Mkubwa kumwambia mdogo, hakuna hata mara moja. Akarudia kitabu chote, mara ya pili, mara ya tatu. Wapi!

"Kwani bakubwa habakosaka?" aliuliza, amekasirika kweli.

Mama Tshibola alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuinua hata macho. "Weye unatafuta mu kitabu mukubwa mwenye kuomba musamaha," akasema. "Humu mu nyumba hakuna mukubwa?"

Marehemu akafunga kitabu, akaweka penseli chini. Tarehe 9 Novemba 2024, figo zikiwa zimeshaanza kumsumbua, alinunua mbuzi, akampakata nyuma ya pikipiki hadi base. Majirani walicheka sana: tangu lini baba mkwe akampelekea mkwe mbuzi? Alisimama mlangoni kwa Agar, akasema: "Mutoto yangu, miye njo nilikosa. Munisamehe, weye na bwana yako."

Agar alimkumbatia shingoni akalia. Likoke, masikini, hakujua mila inasemaje mkubwa akiomba msamaha. Alipiga saluti.

Marehemu alilazwa mwezi wa Desemba, na Agar ndiye aliyemlisha kwa mkono wake. Alifariki tarehe 18 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Ameacha mjane, watoto wanne, Kanku, Katende, Mathilde na Agar, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Jeneza litabebwa na wana wa familia. Upande wa kichwa, kwa agizo la marehemu mwenyewe, atabeba mwanawe Sajini Likoke.

Udongo wa Kamina umpokee polepole. Apumzike kwa amani.